Vifuniko vya Mke Wangu

Nyumbani kwetu hakitupwi kifuniko. Cha chupa ya maji, cha dawa ya meno, cha kopo la rangi ya viatu ninayotumia kazini, maana mimi ni fundi viatu, vyote huoshwa na kuingia kwenye sanduku la mke wangu. Siku moja nilifungua kabati kutafuta shati, vikanimwagikia kichwani. Nilipolalamika kwamba vimezidi, akaniuliza, "Umejuaje? Umevihesabu?" Miaka thelathini ya ndoa na bado nafanya mitihani.

Mke wangu anafundisha chekechea. Njia yake ni kumwaga vifuniko mkekani na kusema, "Pangeni." Basi. Hasemi wapange vipi. Mmoja atapanga kwa rangi, mwingine kwa ukubwa, mwingine atatenga vinavyobiringika na vinavyogoma. Kisha humuuliza kila mmoja, "Umejuaje kwamba hiki kinakaa hapa?" na hapo hufunga mdomo, akahesabu kimoyomoyo mpaka kumi ili mtoto afikiri. Niliwahi kukaa darasani humo, na kumi hiyo ni ndefu kama foleni ya hospitali. Lakini jibu huja. Mjukuu wetu, naye yumo darasani humo, tunayemwita Mbona kwa sababu ndilo neno lake la kwanza kila asubuhi, aliwahi kupanga kwa harufu. Vya rangi ya viatu aliviweka peke yake, akasema, "Hivi ni vya babu."

Wazazi hawakuyaona hayo. Waliona daftari jeupe.

"Mwanangu anachezea takataka," alilalamika mmoja. "Mtoto wa jirani anahesabu mpaka mia!"

Mwalimu mkuu, mama mpole anayewaogopa wazazi kuliko ugonjwa, alimwita mke wangu ofisini. "Dada yangu, samaki mkunje angali mbichi. Siku ya wazazi watoto wasipohesabu na kukariri, darasa litachukuliwa na mwalimu mwingine. Wewe utashika stoo."

Alifika nyumbani akavua viatu na kuvirusha ukutani, kimoja baada ya kingine. "Stoo! Miaka kumi na tisa, halafu nikalinde maboksi ya chaki!" Alikuwa na hasira ya kulia, na akalia.

Hapo ndipo nilipoharibu mimi. "Mke wangu," nikamwambia, "mkono usioweza kuukata, ubusu. Wakaririshe wiki mbili tu. Siku ikishapita unarudi kwenye vifuniko vyako, na watoto watakuwa wameshasahau."

"Umejuaje?"

Sikungoja kumi, wala mbili. "Najua tu," nikasema.

Akawakaririsha. Kila asubuhi alipanga vifuniko kumi mezani, akagonga rula, akauliza, "Vingapi?" nao wakaitika, "Kumi!" Siku ya tatu Mbona alimuuliza tukiwa mezani, "Bibi, mbona kila siku ni kumi?" Mke wangu akamjibu, "Sema tu, mjukuu wangu," akaangalia pembeni. Mimi nikaendelea kula. Kufikia wiki ya pili Mbona alikuwa haulizi tena, nami, mzee mpumbavu, nikaona mambo yamenyooka.

Siku ya wazazi nilikaa mstari wa mbele nimevaa koti. Watoto walihesabu mpaka mia bila kupumua, wakataja siku na miezi, akina mama wakapiga vigelegele. Mwalimu mkuu akanogewa. Akanyanyuka, akapanga vifuniko kumi mezani kwa mkono wake, lakini alipogeuka kuwatazama wageni mkoba wake ukasukuma kimoja. Kikabiringika mpaka kwenye kiatu changu.

"Haya wanangu, vingapi?"

"Kumi!"

Makofi. Mezani vilikuwa tisa na kila mtu alikuwa na macho. Nilimwona Mbona akinyoosha kidole, midomo ikienda polepole: moja, mbili, tatu. Alipofika mwisho akamtazama bibi yake. Mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Mtoto akashusha kidole, akafungua mdomo na kusema "Kumi," akiwa amechelewa, peke yake. Watu wakacheka kwa upendo. Nami nilikuwa nimekanyaga kile kifuniko, na nilipiga makofi pia.

Darasa alibaki nalo. Mwalimu mkuu alimpa mkono mbele ya wazazi wote. Njia nzima ya kurudi nyumbani mke wangu alitembea hatua kumi mbele yangu, na nilistahili.

Jumatatu nilimbebea sanduku mpaka shuleni, labda kwa kuomba radhi. Akamwaga vifuniko mkekani, vyote, vikalia vizuri kama zamani. Nikaegemea mlango.

"Pangeni," akasema.

Hakuna aliyegusa. Watoto ishirini na mbili walikaa wima, mikono mapajani, macho kwenye mdomo wake. Akangoja. Nilijua anahesabu, nami nikahesabu naye: kumi ikapita, ishirini ikapita. Nilitamani kupiga kelele. Kifuniko cha rangi ya viatu kilikuwa mbele ya goti la Mbona, na hakukinusa.

Mwishowe mjukuu wangu akanyoosha mkono kwa adabu.

"Mwalimu," akauliza, "tuseme nini?"