Udongo Ulikula Kwanza

Siku ile kwenye kinyungu chetu, shamba la bondeni nje kidogo ya Makambako, tulikuwepo mimi, wadogo zangu wawili, shangazi aliyetoka Kitandililo, baba mdogo, na jirani yetu mjane wa ng'ambo ya kijito. Walikuja kwa mgowe: mwenye shamba hupika togwa, wenzake huja na majembe, na zamu yao ikifika naye huenda kuwalimia.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Nilikuwa nimeacha shule wazazi wetu walipofariki, ili niwalee wadogo zangu. Baba mdogo hakuwa mtu mbaya, ila alishasema wazi: mahindi yale yakishindikana, mdogo mmoja ataenda kwake Njombe, mwingine kwa shangazi, na nyumba itafungwa.

Na mahindi yalikuwa ya manjano. Magugu yaliyoota katikati yake yalikuwa ya kijani, yamenona.

"Kamwene, mwanangu," jirani alinisalimu kabla hajashusha jembe. "Hongera kwa magugu. Mbegu umeitoa wapi, nami nikaombe?"

"Muulize kama anauza kwa debe," shangazi akadakia.

Wadogo zangu walicheka mpaka nikawatuma wakachote maji.

Baba mdogo hakucheka. Alishika mche mmoja wa mahindi autoe. "Haya yamekwisha. Tung'oe, na watoto tugawane."

"Ngoja wewe," shangazi alisema, akafukua tuta kwa mkono. Nyasi tulizozifukia wakati wa kulima zilikuwa bado na umbo lake, zina joto kidogo, zimefungwa na nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Kwetu nyasi huachwa zioze ndani ya tuta, ndipo mbegu iwekwe. Sisi tulipanda mapema; ghala lilikuwa tupu.

"Udongo bado unakula," shangazi akaniambia. "Ninyi mmenawa mikono mle kabla mwenyeji hajashiba. Akishiba atawapa."

"Na akianza kugawa," jirani akasema, "wa kwanza kufika ni hawa wanono. Tuwatoe chunguni."

Miaka mingi baadaye bwana shamba alinieleza kwamba viumbe wadogo wasioonekana huozesha nyasi hizo, na kwa muda huchukua rutuba ambayo mahindi yangekula. Wanapoiachia, magugu huiwahi. Alieleza vizuri. Shangazi alieleza kwa kejeli zaidi.

Tulipalilia mpaka jua likaegemea. Baba mdogo alilalamikia mgongo.

"Wakati wa togwa ulikuwa mzima," shangazi akamjibu.

Hapo alicheka, akakubali kungoja. Aliporudi baada ya majuma machache, alipita tuta kwa tuta akitafuta jani la manjano, asilipate la kutosha kubishania. Akashika njia ya Njombe peke yake.

Shangazi nilimlimia, na baba mdogo pia. Jirani kila nilipokwenda na jembe alinirudisha: "Bado, mwanangu. Nakuwekea kazi ngumu." Kisha akahamia kwa mwanawe Lyamkena kabla hajaniita. Siku yake ya jembe ananidai hadi leo.