Gari Lisilowaka Bila Mama Mkwe

Mama Keki alikuwa na mdomo wa kulisifia gari lake kuliko alivyozisifia keki zake. Na keki zake, jamani, bwana harusi mmoja aliwahi kutafutwa ukumbi mzima akakutwa jikoni, amekaa na kijiko!

"Miaka kumi na mmoja," alikuwa akisema, amejishika kiuno, unga umemfika hadi kwenye nyusi, "miaka kumi na mmoja gari hili halijawahi kunilaza njiani. Hata siku moja!"

Wala hakuwa anadanganya. Ila kulikuwa na nusu ya habari aliyokuwa akiimeza, nayo ni hii: gari lile lilikuwa haliwaki mpaka mama mkwe wake awe amekaa ndani.

Usicheke kwanza, ngoja nikueleze. Lilikuwa gari la familia la viti nane, la mtumba, jeupe lililokwisha kuwa rangi ya chai ya maziwa. Mama Keki alilinunua kwa jasho la keki zake mwenyewe, na kadi ya gari ina jina lake. Mlango wake wa kusukuma ulifunguka kwa ndani tu, kwa hiyo kila safari ilianza na mmoja wa wanawe mapacha kutumbukizwa kupitia dirishani. Redio ilishika stesheni moja, ya matangazo ya vifo. Lakini injini yake ilikuwa tulivu, na ukiweka keki ya ghorofa nne nyuma, inafika bila hata ua moja la sukari kulegea. Kwa mtu wa kazi ile, hilo ndilo gari.

Wiki ya kwanza tu tangu linunuliwe, lilimgomea. Keki iko ndani, jua linapanda, Mama Keki anazungusha ufunguo: tk. Mumewe, ambaye ni kinyozi, akaja na mkasi mkononi kana kwamba atalinyoa. Tk. Wakaitwa mafundi wawili, kila mmoja akamlaumu mwenzake. Ndipo mama mkwe akatoka ndani kuona ni nini hicho.

"Mnalipigia makelele hivyo, hata mimi nisingeamka," akasema. Kwa kuwa jua lilikuwa kali, akapanda akaketi kiti cha katikati, na yule mama ana mwili wake, hakunyimwa kitu. Akapiga makofi mawili. "Haya mwanangu, amka!"

Vuuum.

Tangu siku ile ikawa ndiyo sheria ya nyumba. Bibi kwanza, ufunguo baadaye. Kile kiti cha katikati kikaitwa Kiti cha Bibi, kikawekewa mto aliofuma kwa mkono wake, na hakuna aliyethubutu kukikalia, si mtoto, si mgeni. Nani atakaa kwenye kiti cha mama mkwe? Heshima ilikuwepo. Ndiyo maana kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyegundua lolote.

Mwaka mmoja Bibi aliugua mafua makali. Unadhani walimwacha alale? Walimbeba na blanketi lake, wakamketisha, akapiga makofi mawili dhaifu, gari likawaka, wakamrudisha kitandani. Walipofika ukumbini hawakulizima gari mpaka kazi ikaisha, mapacha wamelilinda kama askari. Siku akiwa mzima, Bibi haachwi. Akishapanda, amepanda. Alihudhuria harusi zote ambazo Mama Keki alipeleka keki, akacheza na mabwana harusi, akawashauri mabibi harusi mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Na hapa inabidi niseme ukweli mmoja kuhusu watu hawa wawili. Mama Keki aliolewa hajui kuvunja yai bila ganda kuingia kwenye bakuli. Aliyemfundisha kila kitu, kuanzia kuchekecha unga hadi kuchora maua kwa krimu, ni yule mama mkwe. Sasa mikono ya mwalimu wake ilikuwa inatetemeka. Hawezi tena kuchora ua, wala kushika trei la moto. Kazi moja tu ilikuwa imembakia katika nyumba ile, nayo ni kuamsha gari.

Balaa lilianza siku mlango wa kusukuma ulipochomoka na kuangukia keki ya kipaimara. Mama Keki, kwa hasira, akabwata: "Uzeni! Uzeni likaangukie watu wengine!" Maneno ya hasira, tunayajua. Lakini Kinyozi alikuwa akiisubiri kauli hiyo miaka. Alitaka kigari kidogo chenye kiyoyozi. Binti yao mkubwa, ambaye alikuwa akiinama chini ya kiti kila wakipita karibu na shule yake, alishangilia mpaka majirani wakachungulia.

Habari zikamfikia shemeji, mdogo wake Kinyozi, anayeishi mji mwingine. Akapiga simu.

"Kama gari linauzwa, basi mama nitamchukua mimi," akasema. "Huko atabaki akifanya nini?"

Bibi hakubisha. "Sawa. Gari likiondoka na mimi naondoka. Kazi yangu itakuwa imekwisha."

Alisema hivyo akiwa anatabasamu, akaenda kufunga begi. Kuanzia Alhamisi lile begi lilisimama sebuleni karibu na mlango, na kila Mama Keki akipita na trei analigonga kwa mguu. Hakuna aliyelisogeza.

Jumamosi asubuhi mnunuzi akaja. Alikuwa mwalimu wa hesabu, baba wa watoto watano, amekuja na fundi wake mfupi asiyeongea, na daftari lenye maswali thelathini na mawili. Aliyasoma moja baada ya jingine, akiweka alama.

"Linakula mafuta?"

"Kwa adabu kabisa," akajibu Kinyozi.

"Limewahi kugongwa?"

"Na mbuzi tu. Na mbuzi ndiye aliyekuwa na makosa."

"Linaaminika?"

Kinyozi akavuta pumzi. "Mwalimu, kulaza mtu njiani, hili halijui."

Bibi alikuwa amekwisha kuketi mahali pake, miwani ya jua usoni, mkoba mapajani, kama alivyoelekezwa. Akapiga makofi. "Haya mwanangu, amka!" Kinyozi akazungusha ufunguo. Vuuum! Mwalimu akatikisa kichwa kwa furaha, akaweka alama tatu kwa mpigo.

"Safi. Sasa zima. Naomba mshuke wote, niliwashe mwenyewe."

Kinyozi akakohoa. "Mama miguu inamsumbua. Tumwache tu hapo hapo."

"Ndugu yangu, mimi nanunua gari. Sinunui gari na mzazi wa mtu ndani."

Bibi akashuka taratibu, huku akimtazama mwanawe kwa jicho la pole. Mwalimu akaketi, akajinyoosha, akazungusha ufunguo.

Tk.

Akarudia. Tk. Jasho likaanza kumtoka Kinyozi nyuma ya masikio. Mama Keki akaangalia juu, kana kwamba anatafuta ndege. Na mapacha, ambao walikuwa wamefundishwa wiki nzima kunyamaza, wakashindwa.

"Haliwaki mpaka Bibi apande!" wakapiga kelele kwa pamoja.

"Ala!" Mwalimu akafunga daftari. "Mnanifanya mtoto mdogo?"

"Panda, Mama," akasema Kinyozi kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi.

Bibi akapanda. Vuuum. Mwalimu akalizima, akamwomba ashuke. Tk. Apande. Vuuum. Ashuke. Tk. Kufika mara ya tano majirani walikuwa wamejaa getini, mapacha wanahesabu kwa sauti, na Mwalimu amecheka mpaka daftari limeanguka kwenye dimbwi.

"Haki ya nani, nifafanulieni," akasema akijifuta machozi. "Huyu bibi anauzwa pamoja na gari, au ni spea ya kununua kando?"

Bibi mwenyewe alicheka mpaka akashika mbavu, akaingia ndani kunywa maji. Na hapo ndipo yule fundi asiyeongea alipotoa tochi mfukoni, akalala chali, akaingiza kichwa chini ya kiti cha katikati. Akakandamiza kiti kwa mkono wake mmoja, akaminya kwa nguvu zake zote.

"Washa," akasema.

Vuuum.

"Waya wa stata, ule wa kuwashia injini, umepita hapa chini," akaeleza, akijipangusa vumbi. "Umelegea kwenye skrubu. Mtu mzito akikaa, kiti kinaukandamiza, unashika. Akitoka, unaachia. Gari likishawaka halijali tena. Dakika mbili, nakaza, basi."

Wakatazamana. Miaka kumi na mmoja! Blanketi lile, mafua yale, harusi zote zile! Binti akaanza kucheka, mapacha wakaanguka kwenye majani, Kinyozi akashika kichwa kwa mikono miwili. Heshima yao kwa kiti cha mama mkwe ndiyo iliyowafanya wajinga.

"Basi hili gari ni zima!" Mwalimu akasema, furaha imemjaa. "Skrubu moja tu! Nalichukua, kwa bei ile ile mliyotaja, sipunguzi hata kidogo. Fundi, kaza."

Kinyozi akanyoosha mkono wapatane. Binti akaruka. Ila Mama Keki alikuwa akitazama Kiti cha Bibi. Miwani ya jua ilikuwa imebaki juu ya mto, na mto ulikuwa na shimo la mviringo katikati, mahali yule mama alipokaa miaka yote hiyo. Kupitia mlango wa nyumba uliokuwa wazi aliliona na lile begi. Akasema neno ambalo hakuwa amelipanga.

"Haliuzwi."

"Mama Keki!" Kinyozi akashtuka. "Ndiyo kwanza limepona!"

"Ndiyo maana. Waya ukikazwa, mama yako anaondoka. Akiondoka, ataenda kukaa kwenye kochi la mdogo wako kutwa nzima, hana wa kumwambia amka. Unamjua mama yako. Hatamaliza mwaka. Mimi mama yangu nilimzika nikiwa mdogo. Huyu ndiye niliye naye. Kadi ya gari ina jina langu, na nimesema haliuzwi."

Kinyozi akaliangalia lile begi mlangoni. Halafu akamgeukia fundi.

"Kaka, huo waya," akasema polepole, "usiukaze. Uache hivyo hivyo ulivyo."

Na yule binti aliyekuwa akijificha chini ya kiti akawashika mapacha masikio, mmoja huku, mwingine huku. "Na nyie, mkifungua midomo yenu, nitawafungia humo ndani na ile redio."

Mwalimu wa hesabu alisimama pale na daftari lake linalochuruzika maji. Alikuwa na haki ya kukasirika. Mama Keki akamsogelea haraka, akamnong'oneza: keki ya siku ya kuzaliwa, kwa watoto wote watano, mwaka huu na mwaka ujao. Mwalimu akapiga hesabu kichwani, na ilimpendeza.

Bibi akatoka akijifuta midomo. "Haya, mmepatana?"

"Mwalimu amekataa, Mama," akasema Kinyozi. "Anasema hawezi gari la kuamshwa."

"Kweli kabisa, bibi," Mwalimu akadakia, uso mkavu. "Mimi kwangu sina mtu wa kazi hiyo."

Bibi akarekebisha kitambaa chake kichwani, kifua mbele. "Nilijua. Gari hili si la kila mtu." Akaingia ndani, akaliburuta begi mwenyewe mpaka chumbani, akakataa kusaidiwa. Baadaye walimsikia kwenye simu, akimwambia yule mwanawe mdogo kwa sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi: "Nitakuja kukusalimia, lakini siku mbili tu. Hawa watu bila mimi hata getini hawafiki."

Mama Keki alikuwa jikoni anakoroga krimu. Alicheka na kulia kwa pamoja, na krimu ile ikatoka na chumvi kidogo.

Jumamosi iliyofuata kulikuwa na harusi. Keki ya ghorofa nne iko nyuma, Mama Keki yuko kwenye usukani, Bibi amekaa kitini mwake, wengine bado wanatafuta viatu ndani. Bibi akapiga makofi mawili. "Haya mwanangu, amka!" Mama Keki akazungusha ufunguo.

Tk.

Akatazama kwenye kioo, na humo akamwona mama mkwe wake ameshika viti vya mbele kwa mikono miwili, amejiinua kidogo kutoka kwenye mto, anamtazama kwa macho yanayocheka. Kisha yule mama akaketi, taratibu.

"Jaribu sasa."

Vuuum.

"Mama!" Mama Keki akageuka mzima mzima. "Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwaka wa kwanza. Sindano yangu ya kufumia ilianguka humo chini, nikainama kuitafuta, nikauona waya."

"Na miaka yote hii hukusema!"

"Ningesema, mngeukaza. Mngeukaza, mngeniacha nyumbani." Bibi akavaa miwani yake ya jua. "Na juzi mliuona, nilikuwa dirishani na maji yangu, mbona na nyie hamkusema?"

Bibi akanyoosha ule mkono wake unaotetemeka, akamfuta unga kwenye nyusi.

"Piga honi watoke," akasema. "Tutachelewa harusi ya watu."