Gari la Mkwe Halilali Hapa

Mume wa dada yangu alifika kwa mama yangu, nje kidogo ya Rangwe, na gari lisilo na sauti. Kuku hawakulisikia, mmoja nusura akanyagwe. Yeye alishuka akicheka, akaanza kutangaza kabla hajasalimia: hili ni haibridi, lina petroli na lina betri, unalichomeka ukutani kama simu.

"Mama, tangu nitoke Awendo sijasikia injini."

Mama aliitikia akiangalia pembeni, kama mama mkwe anavyotakiwa. Injini shemeji hakuisikia kwa sababu tangi lilikuwa kavu. Hilo, na kwamba betri nayo ilikuwa imeisha, tulilijua baada ya chakula, alipokuwa amekula samaki wawili na kutuhubiria kuhusu moshi wa malori ya miwa.

Kwa mama hakuna stima. Kuna basi langu. Nililinunua likiwa gofu, nikang'oa viti, nikaweka kitanda, jiko na friji, sola juu na betri mbili chini. Ndani yake nimekaa Muhuru Bay, kando ya ziwa, hadi blanketi likanuka omena, wale dagaa wa huko, na kila nikizoea mahali miguu huanza kuwasha. Mama huliita simba yangu ya magurudumu, maana kwake sijajenga simba ya udongo, kile kibanda ambacho kila kijana wa kwetu hujenga kabla ya kuota ndevu. Zangu zina mvi.

"Ora," shemeji aliniita, na neno hilo la Kiluo la kumwita shemeji halijawahi kuwa tamu vile mdomoni mwake. "Hiyo basi iko na soketi?"

"Iko. Ya friji na taa."

"Nichomeke kidogo tu."

"Kidogo ya gari si kidogo ya simu. Wacha nitume mtu wa boda akuletee petroli kwa kibuyu cha plastiki."

"Petroli ya kibuyu? Kwa hii gari? Unajua injini yake imetoka wapi?"

"Imetoka Awendo. Ikaishia hapa."

Mama alicheka ndani ya leso.

Lakini jua lilikuwa limeinama, na kwetu mkwe halali katika boma la mama ya mkewe. Nikamwambia apande boda, gari alifuate kesho. Mama akaweka sufuria chini.

"Kofia ya mkwe ikilala hapa, ni yeye amelala," alisema. "Na hiyo ni kofia kubwa."

Njia ilikuwa wazi: kibuyu kimoja cha petroli. Lakini alishamwambia mama mkwe kwamba gari lake halihitaji, na alikuwa tayari kuvunja mwiko kuliko kuvunja maringo. Akasimama pale akipangusa kioo.

"Mpe stima yako aende," mama aliniambia.

Betri zile zilikuwa kuukuu, na ndizo hizo zinazowasha injini ya basi. Asubuhi nilikusudia kuondoka, nirudi Muhuru Bay. Yeye ningemnyima bila kufikiri. Mama sikuweza.

Shemeji alitoa waya kwenye mkoba wenye zipu, kama daktari anayetoa vifaa. Inveta yangu, ile inayogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, ilinguruma, ikazima. Akapunguza kitu kwenye skrini, tukajaribu tena. Taa ya kijani ikawaka. Nilizima friji, tukakaa tukiitazama taa ile.

"Hii ndiyo safari ya kesho, ora. Bila moshi."

Niligusa betri zangu; zilikuwa moto kama chungu. Nikakumbuka baba akienda kwa wakwe zake kwa baiskeli, dinamo ikisugua gurudumu. Taa yake iliwaka kwa miguu yake mwenyewe. Hakuna shemeji aliyeombwa kumkanyagia.

Inveta ilipozima mara ya mwisho, ilikuwa imempa kiasi cha kufika sokoni Rangwe. Aliondoka jua likigusa milima, kimyakimya, akipunga mkono kama mtu aliyetufadhili. Baadaye nilisikia alijaza petroli pale sokoni akichungulia huku na huku, kama Msabato anayenunua nyama ya nguruwe. Dada yangu aliambiwa gari limefika Awendo kwa nguvu za jua.

Asubuhi nilizungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Hata tik haikuja. Jua la siku ile halikuziamsha betri, wala la siku iliyofuata. Na kusukuma? Boma la mama liko bondeni. Kila upande ni mlima.

Mama alileta uji, akazunguka basi polepole, akapigapiga bati lake kama anayekagua ukuta.

"Sasa simba imekaa mahali pake," alisema. "Imebaki kuchimba choo."

Nilifungua mdomo nimwambie kuhusu Muhuru Bay. Mbuzi wake tayari alikuwa amefungwa kwenye bampa.