Dakika Kumi za Kusalimia

Siwapendi watu wanaosema "sina mengi ya kuongeza." Nimewasikia kwenye mikutano ya wazazi, kwenye matanga, kanisani, na sasa hata sisi tunaotengeneza tovuti tumewafungulia mlango. Mtu anasimama, ananyoosha koti, anasema hana mengi, kisha anazungumza mpaka mashine ya umeme inaishiwa mafuta.

Mkutano wetu ulikuwa Masisi, kwenye ukumbi wa parokia. Tuliokuja ni vijana wa Masisi na Walikale wenye kompyuta zilizochoka na kazi za kuonyesha. Ulikuwa mkutano wa mazoezi: msemaji anaongea, ukumbi unamwambia kilichofaa na kisichofaa, naye anarekebisha kabla ya kwenda Goma kwenye mkutano mkubwa. Wazo zuri. Lakini kwetu ukumbi hauwezi kukaa bila wakubwa, basi tukaalika prefe, yaani mkuu wa shule, mchungaji, mjumbe wa chifu, na wengine ambao mpaka leo sijui walikuja kufanya nini zaidi ya kunywa soda. Wao ndio walioketi mbele, na wao ndio waliopewa kipaza sauti.

Aliyekuwa anakwenda Goma ni dada mmoja wa Bihambwe niliyejifunza naye kazi hii. Alikuwa ametengeneza tovuti ndogo inayoonyesha hali ya barabara. Ukiwa Kashuga au Mpofi na umeona lori limezama kwenye tope, unatuma ujumbe mfupi, na mkulima wa Bihambwe anajua kwamba leo asishushe magunia yake kando ya njia. Wazo lilitoka kwa mama yake, ambaye maharage yake ya msimu mzima yalinyeshewa akingojea gari lisilokuja. Tovuti haikuwa na sura, nyeupe tupu yenye maandishi meusi, lakini ilifunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo na mtandao ukiwa wa kubahatisha. Kazi ya namna hiyo naiheshimu kuliko mapambo yote ya wenzangu.

Shida ni kwamba nafasi yake kwenye seva ilikuwa ya kuazimwa, na ilikuwa inaisha mwezi ule. Goma kungekuwa na watu wenye seva zao, wanaotafuta kazi moja ya kuitunza. Alipewa dakika kumi za kuwashawishi.

Pale parokia aliongea vizuri sana. Alianza na picha ya gunia la maharage yaliyoota kwa mvua, bila kuzunguka, kisha akafungua tovuti mbele yetu na kutuonyesha barabara ilivyokuwa asubuhi ileile. Akamaliza kabla ya muda. Nilijivunia kumfahamu.

Mwongozaji akaomba maoni. Prefe akasimama wa kwanza, kwa kuwa hajawahi kuwa wa pili.

"Binti, umesema muzuri. Lakini haukusalimia. Muntu anaingia mu nyumba ya bantu na kuanza tu maharagi, maharagi?"

Akafuata mjumbe wa chifu.

"Mimi sina mingi ya kuongeza. Njo vile tu. Chifu iko na mujumbe yake hapa, na haukumutaja."

Akaongeza, na akaongeza tena. Mchungaji akauliza kwa nini barabara imetajwa kabla ya Mungu. Bwana mmoja nisiyemjua akasema suruali haimfai binti anayetoa ekspoze mbele ya watu. Yule dada alikuwa ameinamisha kichwa, akiitikia kila mmoja kwa aksanti.

Nikanyoosha mkono.

"Minauliza tu. Nani hapa amefungua ile paji, ile tovuti ya barabara, kwa simu yake?"

Mchungaji akaitazama simu yake kana kwamba amekabidhiwa dakika ile.

"Sasa tunatoa maoni juu ya nini? Dada, usibadilishe kitu. Salamu moja, kisha gunia."

"Huyu kijana iko na kiburi," prefe akasema, na ukumbi ukacheka. Mwongozaji akaomba prefe apigiwe ban, yale makofi yetu ya mpigo mmoja ambayo hapa anapewa yeyote aliyefungua mdomo. Wakampigia kwa nguvu. Mimi nilikaa na mikono yangu mapajani.

Nje, nilimwambia yule dada asiwasikilize.

"Kaka, weye uko mumoja," akanijibu. "Bale ni bazazi. Nikienda Goma bila kusalimia, habari itarudi mpaka kwa mama, kama mutoto yake haina adabu."

"Na paji?"

"Paji itakuwa ku mwisho."

Nilikasirika, na nilimwambia hivyo waziwazi. Akaniomba nisimgombeze, kwani alikuwa amechoka.

Goma nilikaa viti vya nyuma. Alivaa kitenge kipya. Akamsalimia mwenyekiti, naibu wake, wawakilishi wa makanisa, wa vyama, wa shule, mapapa na mamama, yaani akina baba na akina mama wote, kila mtu kwa cheo chake. Akaomba sala fupi, ambayo haikuwa fupi. Akamshukuru prefe kwa mashauri yake, na prefe hata hakuwepo. Mwenye kushika saa akagonga meza, naye akaharakisha, lakini hakuruka mtu. Akanishukuru hata mimi. Sijawahi kuchukia shukrani kama ile.

Picha ya gunia ikatokea ukutani.

"Haya njo maharagi ya mama," akasema, na meza ikagongwa mara ya mwisho.

Wakampigia ban. Kwenye maoni bwana mmoja mwenye tai akasema, "Huyu binti iko na adabu. Balimulea muzuri." Vichwa vikaitikia ukumbi mzima. Hakuna aliyeuliza tovuti inafunguliwaje. Wenye seva wakachukua kazi ya kijana aliyefuata, tovuti ya kuchagua ukumbi wa harusi, yenye mioyo mekundu inayoruka. Yeye alikuwa amesalimia mara moja tu, "jambo kwa wote," na kuendelea. Alikuwa ameondoka kwetu mapema, labda hakuwa na wakubwa wa kumshauri.

Mwezi ukaisha na tovuti ikazimika.

Juzi, mvua zikiwa zimeshika, mama yake alinipigia kutoka Bihambwe. Binti yake alikuwa Mpofi na simu yake haikupatikana.

"Mutoto yangu, barabara inapita leo?"

"Sijui, Mama."

"Ile paji inakatala kufunguka. Niko na magunia hapa inje."

"Ilifungwa, Mama."

Nadhani binti hakuwa na moyo wa kumwambia. Nikasikia mvua ikipiga turubai la plastiki alilofunikia magunia.

"Na kule Goma," akauliza, "balimusifu mutoto yangu?"

"Ndiyo, Mama. Balimusifu sana."