Mwanamke wa Pili wa Chaka

Miaka hiyo ya tisini, pale soko la Chaka, simu ya kutegemewa ilikuwa moja tu, ya duka la madawa ya ng'ombe. Binti yangu alikuwa ameolewa na kijana wa kwetu wakahamia Ujerumani, na akitaka kuongea na sisi alipiga hapo, Jumapili baada ya kanisa.

Ndipo akaja msichana wa chuo kikuu na redio ndogo ya kurekodi. Alikuwa anaandikia jarida, kile kitabu ambacho wasomi huandikiana wenyewe kwa wenyewe, na hili lilikuwa la teknolojia na jamii. Ati anataka kujua simu imebadilisha vipi wanawake wa mashamba. Akaniita Shosho, yaani nyanya, akaniomba nimsahau kabisa, kwa sababu kazi yake ni kuangalia, haruhusiwi kuingilia.

Kumsahau kulikuwa rahisi. Binti alikuwa amejifungua, na habari iliyonifikia ilikuwa nusu: mtoto amezaliwa salama. Sasa, kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya bwana, na wa pili jina la mama ya bibi. Wa kwanza alikuwa tayari amezaliwa. Kwa jina hilo, mama mkwe wa binti yangu alikuwa amezaliwa upya Ujerumani, na kila akinitembelea ananitangazia vile "yeye" ameota meno huko. Huyu wa pili akiwa msichana, basi ni mimi. Lakini kuuliza wazi ni aibu, unaonekana unajiombea. Unangoja uambiwe.

Jumapili ikafika, tukajaa dukani na yule msichana nyuma yetu, simu ikalia. Mzee wa kanisa akashika mkono wa simu, akaombea Ujerumani yote, akaombea na waya. Mama mkwe akaupokea, akauliza, "Mimi naendeleaje huko? Nakula?" Mwishowe nikafikiwa.

"Mama, uko mzima?"

"Niko mzima. Huko iko baridi?"

"Iko sana."

"Hapa mvua imekataa. Ng'ombe ile nyeusi imezaa."

"Imezaa nini?"

"Ndama ya kike," nikasema polepole, nikamngoja aingie kwa mlango niliomfungulia.

"Mungu asifiwe! Maziwa itakuwa mingi."

Hakuingia. Nikamuulizia viazi za Wajerumani, kama zinaiva vizuri.

Nyuma yangu nikasikia kitu kikitupwa juu ya magunia. "Shosho! Si umuulize mtoto anaitwa nani!"

"Wewe si umesema nikusahau?"

"Shosho, simu itakatika!"

"Nani huyo anapiga kelele?" binti akauliza.

"Ni mgeni wa chuo kikuu. Ati anataka kujua mtoto anaitwa nani. Mimi sijauliza."

Binti akacheka mpaka waya ukakwaruza. "Mama, tangu maombi nangoja uulize. Ni wewe."

Nilirudisha ule mkono wa simu juu chini. Msichana wa chuo kikuu alikuwa analia kuliko mimi.

Baadaye alikuja na jarida lenyewe, akakaa jikoni kwangu akinitafsiria. Alikuwa ameandika kwamba huku kwetu simu haijafupisha maneno, imeongeza maombi tu. Kelele yake mwenyewe hakuiandika. Halafu akasoma habari ya mtu anayeitwa Mwanamke wa Pili, aliyeongea sana juu ya ng'ombe.

"Huyo ni nani?"

"Ni wewe, Shosho. Kwa majarida tunaficha majina, kulinda watu."

"Mnanilinda na nani? Na mbona wa pili?"

"Nilifuata vile mlishika simu. Wa kwanza ni mama mkwe."

"Hata hapo amenitangulia!" Nikamuuliza kama inaweza kugeuzwa. Akasema limeshachapishwa, liko kwa maktaba za ng'ambo. Nikamwongeza chai, nikamsihi asiende kumsomea yule mama.

Akaangalia kikombe. "Shosho, nimetoka huko sasa hivi. Ndiko nilianzia."