Rangi ya Kucha Chini ya Droo

Jina lake la kuzaliwa wengi walishalisahau. Mtaa mzima ulimwita Bi Kufuli, na yeye mwenyewe aliitika. Alitunza stoo mpaka alipostaafu, na kazi ile ilimharibu jicho. Ukimpa sukari, ataonja kwanza isije ikawa chumvi. Ukimsalimia kwa uchangamfu, atajiuliza unataka nini. Mlango wake ulikuwa na makufuli juu na chini, na cha kuiba ndani hamna, lo! Redio tu, tena redio yenyewe haisemi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyelipeleka kabati la marehemu mama yake kwa fundi.

Sababu, tuseme ukweli, ilikuwa mdogo wake. Mama yao alipofariki, hereni zake za dhahabu hazikuonekana. Kitindamimba ndiye aliyemuuguza mama mpaka mwisho, basi Bi Kufuli akamnyooshea kidole mbele ya waombolezaji wote. Mdogo mtu alisimama pale, watu wamemzunguka. Alifunga mizigo yake akaondoka, na tangu hapo simu zikawa hazipokelewi. Siku nyingi baadaye hereni zikapatikana ndani ya pindo la koti la mama, zimeshonewa humo kwa mkono wake mwenyewe. Kumbe na mama naye hakuwa akimwamini mtu!

Bi Kufuli aliona aibu mpaka akakosa pa kuiweka. Lakini neno "nisamehe" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Akaamua kabati ndilo litakalomsemea. Mama alikuwa amemwachia kitindamimba kabati hilo, la mbao ngumu za zamani, lenye droo nzito na rangi ya kijani, na Bi Kufuli alikuwa amelikalia. Tena amelikalia vibaya, maana alihofia lina bungua, wale wadudu watoboao mbao, akakataa kuliingiza ndani. Likakaa ukumbi wa nyuma likipigwa jua na mvua, rangi ikabanduka, mguu mmoja ukaoza.

Safari hii alipopiga simu, ikapokelewa. "Kabati lako nalitengeneza," alisema. "Njoo ulichukue."

Mdogo wake akasema, "Nitakuja Jumamosi, dada."

Dada! Alikuwa hajaitwa hivyo tangu msiba. Alikata simu akakaa chini sakafuni. Jumamosi ikienda vizuri, amempata ndugu yake. Ikiharibika, basi tena.

Sasa hapo ndipo jirani yake, mshonaji, alipotia maneno. "We shoga, umempelekea fundi mbao za kale hivi hivi? Siku hizi mbao zile ni mali. Wanachomoa zako, wanatia vibao vya maboksi, wanapaka rangi juu. Rangi ikishakauka utajuaje?"

Angemwambia mtu mwingine, yangeishia hapo. Kumwambia Bi Kufuli ni kumwaga petroli motoni. Bahati nzuri, alijisifu, yeye hakuzaliwa jana. Kabla mkokoteni haujaja kulibeba kabati, alikuwa amechukua rangi nyekundu ya kucha akatia nukta chini ya kila droo na nyuma ya kila ubao. Hakumwambia mtu. Fundi akibadilisha hata kipande, atamnasa.

Alikwenda karakana kila alipopata nafasi, akajikalia juu ya ndoo iliyofudikizwa, akatoa macho. Fundi alikuwa mtu mzima wa maneno machache, mwenye vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Alikwangua rangi ya zamani, akakata sehemu ya mguu iliyooza akaunganisha nyingine, akaziba nyufa kwa unga wa mbao na gundi.

"Na zile mbao za kona ile ni za nani?" Bi Kufuli aliuliza.

"Za kitanda cha mteja, mama."

"Mbona zinafanana na zangu?"

"Mbao za zamani zote zinafanana, mama, kama wazee."

Wateja waliokuwepo walicheka. Yeye hakucheka. Mtu anayejibu haraka hivyo, alijiambia, jibu alikuwa nalo tayari.

Kisha homa ikamlaza kitandani. Alipopata nafuu ilikuwa Jumamosi yenyewe. Alifika karakana akihema, akakuta kabati linang'aa kijani kibichi, zuri mpaka linatisha. Hakulitazama mara mbili. Alivuta droo ya kwanza akaipindua. Hakuna nukta. Ya pili, hakuna. Alizungukia nyuma, akachuchumaa. Patupu!

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi mkubwa we! Kabati la mama yangu liko wapi?"

Wateja waligeuka. Wapita njia nao wakasimama, maana neno hilo halihitaji kurudiwa. Fundi alishusha brashi taratibu.

"Hilo hapo, mama."

"Niliweka alama! Nyekundu! Kila ubao!"

"Ah, zile." Alifuta mikono kwenye kitambaa. "Nilidhani wajukuu wamechezea rangi ya kucha. Mimi napiga msasa kote, mama, chini mpaka nyuma. Pasipopigwa msasa rangi haishiki, unyevu unaingia, mbao inaoza tena. Alama zako nimezitoa mwenyewe, wala sikukutoza."

Akampa patasi. "Kwangua rangi yangu popote unapotaka uone."

Na kweli alikwangua, bila haya, mstari mrefu ubavuni mwa kazi ya watu. Mbao nyekundu ya zamani ikatokea. Lakini shaka ikishakaa kichwani hailipi kodi wala haihami. "Mbao nyekundu ziko nyingi," alisema.

Fundi aliipokea patasi yake akaiweka chini. Alisimama tu mbele ya wale watu, mikono inaning'inia.

Hapo hapo mdogo wake akaingia, na nyuma yake kijana wa mkokoteni. Mdogo mtu alikuwa amekonda. Alilikuta kabati mbele yake, akaweka viganja vyote viwili juu yake na machozi yakamtoka. "Jamani, kabati la mama! Dada, umelifanya zuri hivi!"

Ilikuwa imekwisha vizuri. Bi Kufuli alichotakiwa ni kunyamaza tu, tena kwa dakika chache!

"Usilie kwanza," Bi Kufuli alisema. "Sina hakika kama ndilo. Huyu amenibadilishia mbao."

Mdogo wake aliondoa mikono juu ya kabati. Hakuuliza kuhusu mbao. Alimtazama fundi, akamtazama kwa muda mrefu, uso ule, mikono ile iliyoning'inia, macho yasiyojua yatue wapi watu wakiwa wamemzunguka.

"Huyu hajaiba kitu," alisema. "Nilisimama hivyo hivyo kwenye msiba wa mama."

Bi Kufuli alimsogelea. "Mdogo wangu," alisema, "hereni zilionekana. Nilitaka kukwambia, nisa..."

"Usianze na mimi. Anza na yeye."

Bi Kufuli alimgeukia fundi, na mbele ya wale wale waliosikia kelele zake akasema, kwa sauti iliyokauka, "Nimekukosea, fundi. Nisamehe." Fundi alitikisa kichwa kukubali, akachukua brashi, akachuchumaa kuziba ule mchubuko ubavuni.

Rangi ilipokauka, mdogo wake alimzuia kijana wa mkokoteni. "Wewe subiri," alimwambia. Kisha akamwambia dada yake, "Shika upande huo. Yangu utaniambia njiani. Ni mbali."

Bi Kufuli alishika, akilia wazi, na wakalinyanyua.