Uso wa Mama Fransiska na Shuka Langu

Shuka langu la harusi liliingia nyumbani kwa mama mkwe likiwa jeupe, likatoka na masizi ambayo hakuna sabuni Mbulu nzima iliyoyaweza. Nalitaja kwanza kwa sababu watu wakiisifu ile picha, hakuna anayeuliza habari za shuka.

Mume wangu Nikolausi ni mkulima wa maharage hapa Nambis, lakini ukimwita mkulima ananuna. Yeye ni mpiga picha. Kamera aliinunua Arusha miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu vya nje: kikamera kidogo cha filamu, flashi yake imeganda hapo hapo juu ya kioo, huwezi kuigeuza wala kuipunguza. Nje, kwenye komunio na harusi, alijitahidi. Ndani ya nyumba alikuwa balaa. Kuna bibi harusi alitoka na macho mekundu, na nyuma yake ukutani kivuli cheusi kimesimama kama bwana harusi wa pili. Bwana harusi wa kweli hakufurahi.

Sasa mama yake, mama Fransiska, miguu ilikuwa imemkatalia, hatoki tena nje. Na hakuwa na picha hata moja. Baba mkwe, mzee Margwe, alikufa hivyo hivyo. Wanangu wakiuliza babu alikuwaje, shangazi yao anasema alikuwa na pua ndefu, baba yao anasema fupi, basi wanagombana mpaka chai inapoa. Nikolausi aliapa kwamba kwa mama yake jambo hilo halitatokea. Hapo nilimuunga mkono. Kwa mengine yote alinichosha.

"Baba Glory," nilimwambia, "si tumbebe tu tumweke uani? Jua lipo bure."

Mama mkwe akasikia. "Mimi si mbuzi wa mnada," akasema. "Kama ni picha yangu, ipigwe kwangu, kwenye kiti changu."

Lazima mjue na habari ya siagi. Upepo wa huku juu unapasua ngozi, na kwa mama Fransiska mtu kuonekana mbele za watu na uso mkavu ilikuwa aibu kubwa. Kila alipongoja mgeni alichota siagi kwenye kibuyu, akajipaka mpaka uso ung'ae. Siku ya picha alijipaka mara mbili. Nikolausi akasogea karibu, akafyatua. Filamu ikapanda basi kwenda Babati, maana tangu mji ule uwe makao ya mkoa mpya studio zilikuwa zimefunguliwa huko, na wiki iliyofuata picha ikarudi. Paji la uso jeupe, pua nyeupe, mashavu meupe, na kuzunguka hapo giza tupu. Mama aliishika kwa mbali, akaivuta karibu. "Huyu mwenye taa usoni ni nani?" akauliza.

Nikolausi akakosa amani. Hata ugali alikula akieleza mwanga. Eti ukuta uko karibu mno, ndiyo maana kivuli. Eti siagi inarudisha flashi kama ilivyokuja. Mara ya pili akavuta kiti mbali na ukuta, akafungua mlango, akaziba flashi kwa kipande cha karatasi ya chooni ili mwanga ulainike. Kisha, bila kumuuliza mwenye uso, akachukua kitambaa na maji ya sabuni akamfuta mama yake siagi yote.

Picha ile, niseme ukweli, ilikuwa nzuri. Kila kunyanzi mahali pake, macho ni macho. Nikolausi alizunguka nayo dukani na kanisani kabla ya kumpelekea mwenyewe. Mama akaitazama muda mrefu.

"Huyu hana mtoto," akasema.

"Mama, ni wewe."

"Uso umekauka. Baba yako alipolala kitandani asiinuke tena, nilimpaka kila asubuhi mpaka mwisho. Mkitundika hii, watu watasema nilikuwa sina wa kunipaka." Akaigeuza, akaikalia.

Nikolausi alitoka nje akapiga teke ndoo. Ndoo yangu, na ilikuwa na maji. Nilikuwa nimewachoka wote wawili, mmoja anataka kung'aa na mwingine hataki kuona kitu kinachong'aa, na mimi katikati nachota maji upya.

Siku chache baadaye akaja na akili mpya. Siagi ibaki, ila mwanga usimpige mama usoni moja kwa moja. Uende juu kwanza, ndipo umshukie taratibu. Angeurusha kwa mfuniko wa kopo la maziwa, aushike umelala mshazari mbele ya flashi. Shida ni kwamba paa la mama lilikuwa jeusi kwa moshi, lingeumeza mwanga wote. Kilitakiwa kitu cheupe, kipana. Nikamwona anatazama sanduku langu.

"Hapana," nikasema.

"Ni dakika moja tu, mama Glory."

Akalitoa shuka langu la harusi, akaligongelea chini ya paa kwa misumari.

"Siagi kwanza," mama akasema. "Na anipake yule aliyenifuta."

Nikolausi akapiga magoti. Alimpaka paji la uso, mashavu, chini ya kidevu, nyuma ya masikio, polepole. Mama alifumba macho. Kwa muda kidogo nilisahau hata shuka. Kisha Nikolausi akainuka, akajifuta mikono kwenye suruali ambayo mfuaji wake ni mimi, akashika kamera.

Safari hii uso ulitoka unang'aa kwa upole, bila kivuli, mama yule yule tuliyemzoea. Lakini kwenye pembe ya chini kulikuwa na ukungu mweupe. Nikolausi alipoelewa, alikaa chini.

"Nimeiharibu. Tutarudia."

"Kwa shuka la nani?" nikamuuliza.

Mama akaweka kidole kwenye ukungu. "Hiki ni nini?"

"Ni siagi, mama. Kidole changu kiligusa kioo cha kamera."

Mama akatazama mikono ya mwanawe, kisha picha. "Basi na wewe umo," akasema. "Usirudie."

Picha ikatiwa fremu ya kioo, ikatundikwa, na Nikolausi akaendelea kulalamika. Mgeni akiisifu, yeye mwenyewe anamwonyesha kosa. Nilimkanyaga miguu mpaka nikachoka.

Siku tuliyomzika mama, Nikolausi alitangulia mbele ya jeneza akiwa ameibeba ile picha kifuani. Nikaona kidole gumba kimekaa juu ya ile pembe. Nikajua anaficha kosa lake, hata siku kama ile. Nikasogea nimkanye. Kumbe hakuwa anaficha kitu. Kidole kilikuwa kinapita juu ya kioo, polepole, kinampaka.